Orodha Ndefu Isomwe Kuanzia Juu: Programu ya Kufunua Kurasa na Namna ya Kuiweka Sawa

Kompyuta nyingi katika ofisi za miradi na vituo vya afya mkoani Singida hutumiwa kwa kubofya picha na madirisha, na hivyo ndivyo wengi wetu tunavyozifahamu. Hata hivyo, kazi ya kutunza seva, kukagua nakala za akiba na kuchambua orodha kubwa bado hufanywa kwa kuandika amri kwenye skrini nyeusi. Mgeni akiona skrini hiyo hudhani mashine imeharibika. Haijaharibika. Mfumo wa Linux hauna ada ya leseni, hufanya kazi hata kwenye mashine kuukuu za msaada, na maandishi matupu ni mepesi kusafirisha kwenye intaneti dhaifu. Kabla ya mkongo wa SEACOM kufika Dar es Salaam Julai 2009, intaneti ya huku bara ilitegemea sana setilaiti, tena kwa gharama kubwa. Leo mambo ni nafuu, lakini bando bado hununuliwa kwa shilingi.

Skrini hiyo ya amri ina kasoro moja inayoweza kupotosha maamuzi ya kamati bila mtu yeyote kusema uongo. Ukiiomba orodha ndefu, orodha hupita mbio kuelekea juu, na kinachobaki mbele ya macho yako ni mkia tu. Makala haya yanaeleza namna ya kuizuia, kwa kutumia programu ndogo ya kufunua kurasa ambayo mafundi huiita peja.

Tuchukue orodha ya kweli

Orodha inayotuhusu ni ile ya vituo vya kuchotea maji nchini Tanzania, yaani visima, pampu za mkono na mabomba ya kijiji. Taarifa zake zilitoka Wizara ya Maji na mfumo wa Taarifa, nyingi zikiwa zimekusanywa kati ya mwaka 2011 na 2013, na baadaye zikatumika katika shindano la kimataifa la wachambuzi wa data lililoandaliwa na DrivenData. Sehemu iliyotolewa pamoja na majibu yake ina vituo 59,400. Kati ya hivyo, 32,259 viliandikwa kuwa vinafanya kazi, 4,317 vinafanya kazi lakini vinahitaji matengenezo, na 22,824 havifanyi kazi. Mkoa wa Singida una vituo 2,093 humo. (Msomaji wa Ikungi au Mkalama atafute kijiji chake chini ya Singida Vijijini au Iramba, kwa kuwa wilaya hizo mbili zilianzishwa mwaka 2012.)

Tuseme fundi ameitenga sehemu ya Singida katika faili liitwalo singida.csv, kisha akaandika:

cat singida.csv

Skrini ya kawaida ya amri ina mistari 24 yenye herufi 80 kila mmoja, vipimo vilivyozoeleka tangu mashine ya VT100 ya mwaka 1978. Mstari mmoja ukiachwa kwa ajili ya amri, inabaki 23. Tukichukulia kwamba kila kituo kinachukua mstari mmoja tu, vituo 2,093 vikigawanywa kwa 23 ni skrini 91 kamili. Amri ile hupitisha skrini 90 kwa kufumba na kufumbua, na kumwachia msomaji ile ya 91. Ameona kiasi cha asilimia moja tu ya orodha. Dirisha la kisasa huweza kurudishwa juu kwa kipanya, ni kweli, lakini hukumbuka mistari kiasi tu, na ukikaa mbele ya seva yenyewe isiyo na madirisha hata huo msaada waweza kuukosa.

Asilimia moja hiyo haichaguliwi kwa bahati nasibu. Orodha kwa kawaida hupangwa, na mpangilio ndio unaoamua mkia utasema nini. Hali ya kituo katika data ile imeandikwa kwa Kiingereza kwa namna tatu: functional kwa kituo kizima, functional needs repair kwa kinachohitaji matengenezo, na non functional kwa kilichokufa. Ukipanga kwa alfabeti, herufi f hutangulia n, kwa hiyo vilivyokufa vyote huangukia mwisho. Anayesoma mkia wa orodha ya nchi nzima iliyopangwa hivyo ataona vituo vibovu tupu, na hata akirudi nyuma mistari 22,000 ataendelea kuona vibovu. Mpangilio ukigeuzwa, ataona vizima tupu. Watu wawili wakiwa na faili moja wanaweza kuandika barua mbili kwa mfadhili, mmoja akilia na mwingine akishangilia, na kila mmoja akaapa kwamba ameyaona mwenyewe kwa macho yake.

Ilikotoka programu hii

Enzi za teleksi tatizo hili halikuwepo. Maandishi yalichapwa kwenye karatasi ndefu, na mwenye shida ya kuona mwanzo aliivuta karatasi akasoma. Skrini za kioo zilipochukua nafasi ya karatasi, mwanzo wa orodha ukawa unapotea. Mwaka 1978 Daniel Halbert, akiwa Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, aliandika programu iitwayo more, iliyosimamisha maandishi kila skrini ilipojaa na kusubiri msomaji abonyeze kibodi. Ilisaidia, ila mwanzoni haikuweza kurudi nyuma. Kati ya mwaka 1983 na 1985 Mark Nudelman aliandika less, ambayo huenda mbele na nyuma, hutafuta neno, na haihitaji kulisoma faili lote kabla ya kuonyesha ukurasa wa kwanza. Majina hayo mawili ni utani wa Kiingereza: la kwanza maana yake ni zaidi, la pili ni pungufu, na iliyoitwa pungufu ndiyo inayofanya zaidi.

Kulisoma faili letu sasa tunaandika:

less -S singida.csv

Orodha inasimama kwenye mstari wa kwanza. Kitufe cha nafasi hufunua ukurasa unaofuata, b hurudisha nyuma, g hukupeleka mwanzo kabisa na G mwisho kabisa. Alama ya mkwaju ikifuatwa na neno hulitafuta neno hilo, na n huenda kwenye neno jingine kama hilo. Kutoka ni q. Wengi hukwama hapo hapo: hawajui q, wanafunga dirisha zima au wanazima mashine.

Herufi S ina umuhimu wake. Orodha ya vituo vya maji ina safu 40, kwa hiyo kila kituo ni mstari mrefu unaokunjwa mara kadhaa skrini inapokuwa na herufi 80, na jicho halijui tena kituo kimoja kinaishia wapi. S huzuia kukunja. Mstari hukatwa ukingoni, na mishale ya kushoto na kulia hukusogeza kwenye safu nyingine. Matoleo mapya ya less huongeza --header=1, ambayo huushikilia mstari wa majina ya safu juu ya skrini huku mengine yakipita chini yake. Wapo wanaopanga safu kwanza kwa programu ya column, na matokeo hupendeza, lakini angalieni: matoleo ya zamani ya column huruka nafasi zilizo tupu, na orodha hii ina nafasi tupu nyingi. Safu zikihama kushoto, jina la kata laweza kukaa mahali pa jina la wilaya na mtu asigundue.

Kuna mtego mwingine kwenye kutafuta. Hali ya kila kituo hutolewa katika faili la pili, linalounganishwa na la kwanza kwa namba ya kituo. Baada ya kuunganisha, ukitafuta neno functional ukidhani unatafuta visima vizima, kompyuta itakuonyesha vyote, kwa sababu neno hilo limo pia ndani ya non functional. Tafuteni vilivyokufa kwanza. Mkiandika alama ya & ndani ya less, kisha non functional, itabakiza mistari hiyo pekee na kuficha mingine hadi mtakapoandika & tupu. Kwa maoni yangu hii ndiyo amri yenye faida kuliko zote katika programu hii, na ajabu ni kwamba mafundi wengi niliokutana nao hawaijui.

Faida ya pili ni ya mfukoni. Faili la nchi nzima lina ukubwa wa karibu megabaiti 20. Fundi aliyeko Kiomboi au Manyoni akiwa ameunganishwa na seva iliyoko mbali, akilimwaga faili hilo kwa cat, megabaiti hizo zote hupita kwenye bando lake ili aone mistari 23. Akilifungua kwa less kwenye seva, kinachosafiri ni skrini anazozifunua tu, na skrini moja ya herufi 80 kwa mistari 24 haizidi herufi 1,920, yaani takribani kilobaiti mbili.

Kuiweka mara moja kwa watumiaji wote

Haifai kumtegemea kila mtu akumbuke herufi hizi. Mfumo wa Linux una mahali pa kuandika matakwa ya ofisi. Jina PAGER huziambia programu nyingine peja gani itumike, na jina LESS hubeba vigezo vya less. Kwa mtumiaji mmoja huandikwa katika faili la .bashrc lililomo kwenye folda lake. Kwa watumiaji wote wa mashine, fundi mwenye mamlaka huweka faili ndani ya /etc/profile.d. Mistari yenyewe ni hii:

export PAGER=less
export LESS='-FRXSiM'

F humaanisha kwamba orodha ikitosha skrini moja, peja ijifunge yenyewe bila kumsumbua mtu kwa q. R huruhusu rangi zionekane badala ya alama za ajabu. X huyaacha maandishi kwenye skrini baada ya kutoka. Katika matoleo ya less ya kabla ya mwaka 2017, F bila X iliweza kufanya orodha fupi itoweke kabla hujaisoma, kwa hiyo kwenye mashine kuukuu herufi hizi mbili ziende pamoja. S tumeshaieleza. Herufi i ndogo hufanya utafutaji usijali herufi kubwa na ndogo, jambo la lazima kwetu, maana majina ya vijiji vyetu huandikwa kila mtu na mtindo wake. M huonyesha chini ya skrini uko mstari wa ngapi.

Hiyo M ina jambo la kufurahisha. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux ulioshirikisha wataalamu kutoka Uswidi, kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyozungumza Kiswahili. Wengi tuliipokea kwa furaha. Lakini skrini ya amri haikuguswa na tafsiri ile, na less huandika maneno yake kwa Kiingereza. Bahati nzuri mwandishi wake aliacha nafasi ya kubadilisha mstari wa chini kwa maneno yako mwenyewe:

export LESS='-FRXSiM -PMMstari %lt hadi %lb?L kati ya %L.?e MWISHO.$'

Herufi PM huanzisha maneno mapya, %lt ni mstari wa juu unaoonekana, %lb ni wa chini, %L ni idadi ya mistari yote. Alama ya kuuliza huanzisha sharti na nukta hulifunga: idadi yote itaandikwa pale tu inapojulikana, na MWISHO utaonekana pale tu orodha inapokwisha. Alama ya $ hufunga maneno yenyewe. Karani wa usharika akifungua orodha ataona Mstari 1 hadi 23 kati ya 2094 (mstari mmoja ni wa majina ya safu), na bila kuambiwa na mtu atajua kuwa bado ana safari. Orodha ikitoka kwenye programu nyingine badala ya faili, idadi yote haijulikani hadi ifike mwisho. Abonyeze G kisha g, naye ataipata.

Si programu zote zinazotii PAGER na LESS moja kwa moja. Git ina GIT_PAGER, ambayo hutangulia PAGER. Programu za systemd, kama journalctl inayoonyesha kumbukumbu za seva, zina SYSTEMD_PAGER, tena huachana na LESS yako na kuweka vigezo vyao, kwa hiyo ukitaka Kiswahili kitokee humo ongeza export SYSTEMD_LESS="$LESS". Hifadhidata ya PostgreSQL, ambayo ndiyo iliyo chini ya DHIS2, mfumo unaopokea taarifa za MTUHA kutoka vituo vya afya, husomwa kwa programu ya psql. Tangu toleo la 11 la mwaka 2018 ina PSQL_PAGER yake. Wanaotumia MySQL waandike pager less -SFX wakiwa ndani ya programu, na nopager wakitaka kuiondoa.

Pale ambapo peja haitakiwi

Kazi zinazojiendesha usiku, kama kutoa nakala ya akiba, hazina msomaji wa kubonyeza kitufe. Programu nyingi hutambua kwamba hakuna skrini na huacha kuita peja. Tatizo huja pale mtu anapoendesha mlolongo wa amri mbele ya skrini akaenda kunywa chai akidhani kazi inaendelea. Mwaka 2020 toleo la pili la programu ya amri ya Amazon, AWS CLI, lilianza kupitisha majibu yake kwenye peja bila kuombwa, na mafundi wengi duniani walikuta kazi zao zimesimama zikisubiri q. Tiba yake ni kuandika AWS_PAGER="" mwanzoni mwa mlolongo. Kwa psql ni \pset pager off, kwa git ni git --no-pager, na kwa zinazotii PAGER ni PAGER=cat. Ripoti ya nakala ya akiba nayo iandikwe kwenye faili, ili asubuhi isomwe kwa less kuanzia juu. Mstari wa mwisho unaosema kazi imekamilika haufuti kosa lililoandikwa mistari 300 juu yake.

Suala la mamlaka nalo wanakamati walielewe, hata kama hawatagusa kibodi. Less inaweza kuendesha amri nyingine kutoka ndani yake kwa alama ya mshangao. Kwa mtumiaji wa kawaida hilo halina madhara. Lakini mtu aliyeruhusiwa kusoma kumbukumbu za seva kwa sudo less, yaani kwa mamlaka ya msimamizi mkuu, akiandika !sh anakuwa msimamizi mkuu kamili, mwenye uwezo wa kufuta hesabu za mradi na majina ya wagonjwa. Mlango huo huo ulikuwemo katika matoleo ya systemd ya kabla ya 247. Mwaka 2023 udhaifu huo uliandikishwa kwa namba CVE-2023-26604. Kwenye Debian na Ubuntu, mtu wa kusoma kumbukumbu tu aingizwe kwenye kundi la adm, asipewe sudo. Ikilazimu apewe, iwekwe LESSSECURE=1 katika mazingira ya amri hiyo, nayo huzima alama ya mshangao pamoja na milango mingine ya namna hiyo.

Kazi yote hii haina bei ya programu; ni mistari michache na saa moja ya fundi. Mfadhili anayetoa kompyuta, au kamati inayoipokea, inaweza kumwomba fundi ajaribu mbele yao kabla ya kutia saini hati ya makabidhiano. Aandike seq 10 | less, na namba kumi zitokee kisha mashine irudi kwenye amri yenyewe bila q. Halafu aandike seq 200 | less. Ikisimama kwenye namba 1, na chini pakiandikwa Mstari 1 hadi 23, au zaidi kidogo kama skrini ni kubwa, imewekwa sawa. Namba 200 ikitokea moja kwa moja, arudi kwenye /etc/profile.d akaangalie alichoandika.